Ndia ya Kurudi

Amplifaya ilifika Lamu kwa mashua kutoka Mtangawanda, imefungwa leso mbili, na juu ya leso gunia la nailoni ili maji ya mkondo wa Mkanda yasiiloweshe. Ni mali ya madrasa moja ya kisiwani Pate. Zilikuwa zimesalia wiki mbili Mfungo Sita uandame, na huku kwetu mwezi huo ni mwezi wa Maulidi. Tangu enzi za Habib Swaleh wa Msikiti wa Riyadha mwezi huo haupiti kimya, wala hakuna madrasa inayotaka kuupokea kwa kipaza sauti kibovu.

Mwalimu aliyeileta alieleza ugonjwa wake kwa ufasaha kuliko wengi. Akisoma mtu mmoja, alisema, sauti ni safi. Matwari yakiingia na watu wakiitikia, amplifaya huanza kunguruma chini kwa chini kama injini ya boti iliyo mbali, na sauti ya msomaji hukatikakatika kama mtu anayezungumza huku akipigwa mgongoni. Matwari yakinyamaza, nayo hunyamaza.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. "Maalim, imefunguliwa na mtu kabla yangu?"

Mwalimu alisema ndiyo. Mwaka uliopita ilizimika kabisa, ikapelekwa kutengenezwa mji mwingine, ikarudi inawaka. Kunguruma kulianza baadaye. Hakujua kilichobadilishwa.

Fundi huyu ana kibanda Langoni, hatua chache kutoka Usita wa Mui, upana wake punda akisimama mlangoni kiza kinaingia ndani. Hapendi jina lake liandikwe, kwa hiyo nitamwita Fundi, kama mtaa mzima unavyomwita. Nilikaa naye alasiri kadhaa kwenye kigoda, mwanzoni kwa sababu simu yangu ilikuwa kwake, baadaye kwa sababu sikuweza kuondoka kabla ya kujua mwisho wa amplifaya ile.

Siku ya kwanza hakuifungua. Aliiwasha, akachomeka mikrofoni, akaanza kuigonga kwa kidole, kwanza polepole, kisha kwa mapigo ya twari. Kisha akainama akaweka sikio karibu na matundu ya nyuma, mahali ambapo wengine huweka bisibisi.

Nimewahi kudhani kwamba kifaa kibovu hutoa kelele tu. Fundi hutofautisha kelele tatu, na kila moja ina mlango wake. Ipo ya kwanza ambayo huiita kikohozi, tik, tik, tik, kwa mwendo sawa, taa ikiwaka na kuzima. Hiyo ni pawa saplai inayojaribu kuamka na kushindwa, mara nyingi kwa sababu kapasita ndogo inayoilisha aisii yake imekauka, au kwa sababu kuna shoti mbele na mashine inajikinga. Ipo ya pili, mluzi mwembamba ambao vijana huusikia na wazee hawausikii. Huo ni transfoma au kapasita za kauri zinazotetemeka kwa kasi iliyoshuka mpaka ikaingia ndani ya masikio ya binadamu. Na ya tatu ni ngurumo, ambayo haiji peke yake. Huitwa na mzigo, hupanda, huyumba, hukataa kutulia.

"Hii haina njaa," alisema. "Inakula vizuri. Hii inayumba."

Hapo ndipo iliponibidi niulize kinachoyumba ni kitu gani, na jibu lake lilichukua sehemu kubwa ya alasiri. Nitalieleza hapa kwa mpangilio wangu, maana yeye alilieleza huku akilehemu redio ya mtu mwingine.

Amplifaya za zamani zilikuwa nzito. Ndani mlikuwa na transfoma ya chuma yenye uzito wa jiwe la kusagia, ikichukua umeme wa volti 240 na kuushusha taratibu, na ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kuvuma. Amplifaya ya leo mtoto huibeba kwa mkono mmoja. Umeme unaoingia hunyooshwa kwanza ukawa volti kama 339 za mkondo mnyoofu, kisha swichi ya transista huukatakata makumi elfu ya mara kwa sekunde, elfu 65 ni kawaida, na vipande hivyo hupitishwa kwenye transfoma ndogo isiyozidi kiganja. Upande wa pili hutoka volti zinazohitajika. Katika hii ya Pate zilikuwa 24.

Lakini nani anayejua kwamba upande wa pili zimefika 24 na si 20 wala 40? Lazima awepo mlinzi. Mlinzi huyo ni kijidude cha miguu mitatu, aina ya TL431, ambacho hubeba ndani yake kipimo cha karibu volti 2.5 na kulinganisha nacho. Volti zikizidi, yeye hutuma habari nyuma kwa swichi: punguza. Zikipungua, hulegeza: ongeza. Na habari hiyo haiwezi kupita kwa waya, kwa sababu upande wa swichi una umeme unaoua na upande wa mlinzi ndio unaoguswa na msomaji aliyeshika mikrofoni. Pande hizo mbili hazitakiwi kugusana hata kidogo.

Kwa hiyo habari hupita kwa mwanga. Kati ya pande mbili hukaa optokapla, kijisanduku cheusi cha plastiki chenye miguu minne. Upande mmoja ndani yake mna taa ndogo ya mwanga usioonekana kwa jicho, jamaa ya ule wa rimoti ya televisheni. Upande wa pili mna transista inayofunguka ikimulikwa. Kati yao ni nafasi isiyofika milimita moja, nayo huzuia volti 5,000. Mlinzi akitaka kusema, huikoleza taa, na transista ya ng'ambo huona. Aliyewahi kusimama usiku kwenye gati la Manda akapunga tochi ili boti ije kumchukua kutoka Amu, yaani Lamu, ameshafanya kazi ya optokapla: hakuna kamba wala daraja, ila ng'ambo wameelewa.

Fundi haiiti njia hii mrejesho, neno la vitabuni. Huiita kwa Kiamu chake, ndia ya kurudi. Umeme una ndia ya kwenda, ambayo kila mtu huiona kwa sababu ndiyo inayowasha spika. Ndia ya kurudi ni nyembamba, ina mwanga usioonekana na rezista za shilingi chache, na bila hiyo ndia ya kwenda ni hatari.

Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kanuni hii katika amplifaya naye aliipata chomboni. Harold Black, Mmarekani aliyekuwa mhandisi wa maabara za Bell, alikuwa na miaka 29 asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927 alipokuwa akivuka mto Hudson kwa feri kwenda kazini New York. Kwa miaka alikuwa akihangaika na amplifaya za simu za masafa marefu. Simu ilipita katika amplifaya nyingi zilizofuatana, na kila moja iliongeza uchafu wake juu ya uchafu wa iliyotangulia. Humo ferini wazo likamjia: chukua sehemu ya kinachotoka, kirudishe mwanzoni kikiwa kinyume, kipambane na kosa lenyewe. Hakuwa na karatasi, akachora kwenye ukurasa wa gazeti la New York Times. Ofisi ya hataza ilichukua zaidi ya miaka tisa kumkubalia, kwa sababu wengi hawakuamini kwamba amplifaya iliyorudishiwa sauti yake yenyewe inaweza kutulia.

Wasiwasi wao haukuwa wa kijinga. Kila anayeijua ngurumo ya Pate anajua walichokiogopa.

Mimi niliielewa nilipokumbuka kana. Nilikuwa na miaka kama kumi mjomba wangu aliponiachia kana ya mashua yake katikati ya mkondo, upepo wa kusi ukiwa mgongoni. Akanionyesha mkoko mmoja mrefu, akasema omo lisitoke hapo. Omo likaenda kushoto, nikavuta. Chombo hakikujibu. Nikavuta zaidi. Kilipojibu kilijibu kwa yote niliyovuta, omo likapita mkoko likaenda kulia, nami nikasukuma kwa nguvu ileile, nimechelewa vilevile. Nyuma yetu maji yalichora nyoka, na kila mkunjo ulikuwa mpana kuliko uliotangulia. Mjomba hakunipokonya kana. Aliweka kidole kimoja juu ya mkono wangu na kusema: punguza nguvu, na uanze kurudisha kabla hakijafika.

Hakukuwa na upepo mbaya siku ile, wala usukani haukuwa mbovu. Kosa lilikuwa nguvu yangu na kuchelewa kwangu, viwili pamoja. Marekebisho yakichelewa kiasi cha nusu ya mzunguko, yanafika wakati chombo kimeshageuka, na mkono uliokusudia kuvuta unakuwa unasukuma. Mwaka 1932 Harry Nyquist, mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi huko huko kwa akina Black, aliandika hesabu ya jambo hili: alionyesha namna ya kujua, kutokana na nguvu ya mrejesho na kuchelewa kwake, kama saketi itatulia au itayumba. Fundi hajasoma hesabu ile. Lakini maswali yake mawili ni hayohayo: ndia ya kurudi ina nguvu kiasi gani, na inachelewa wapi?

Siku ya pili aliifungua.

Kabla ya kugusa chochote aliushusha umeme uliobaki ndani ya kapasita kubwa ya upande wa hatari, ile yenye volti 339 hata baada ya waya kuchomolewa. Wengi hufanya hivyo kwa bisibisi, ikalipuka cheche na kuacha kovu. Yeye ana rezista nene aliyoifunga kwenye kijiti cha mwanzi, huigusisha na kusubiri, kisha hupima kuhakikisha. Umeme ukiwa ndani hufanya kazi kwa mkono wa kulia tu, wa kushoto akiutia mfukoni, ili umeme ukimshika usipite kifuani. Na kifaa chochote kigeni hakiwashi moja kwa moja ukutani. Hukipitishia kwenye balbu ya kizamani ya nyuzi iliyofungwa mfululizo na waya. Balbu ikiwaka sana, ndani kuna shoti, na balbu imebeba mzigo badala ya transista kupasuka.

Kisha akaiosha. Jambo hili mtu wa bara huenda asilielewe. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu, na vumbi likikaa juu ya unyevu ule juu ya bodi linakuwa waya ambao hakuna aliyeuchora. Rezista zinazompimia mlinzi volti ni za maelfu ya omu, na utando wa chumvi pembeni yake unatosha kumpa habari za uongo. Alitumia mswaki na spiriti, akapiga mswaki kwa upole kuelekea upande mmoja, kisha akaiweka bodi juani juu ya kipande cha kioo, akanywa kahawa. Nilipomuuliza kama haoni anapoteza muda, alisema bodi chafu haimwambii mtu ukweli.

Baada ya kuosha, ngurumo ilikuwa palepale. Hakuonekana kukasirika. Alichora mstari katika daftari lake la shule, akaandika: si chumvi.

Mshukiwa wa pili huwa ni kapasita za mafuta, zile za kopo. Hizi huhesabiwa umri kama binadamu. Juu ya kopo huandikwa nyuzi 105, na kwa aina ya kawaida hupewa saa 2,000 kwa joto hilo. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukipunguza joto kwa nyuzi kumi umri huongezeka maradufu. Kwa nyuzi 65, ambazo ndani ya sanduku lililofungwa wakati wa kaskazi si ajabu, zinakuwa saa 32,000, yaani kama miaka mitatu na nusu ya kuwashwa mfululizo. Zikizeeka hukauka, volti hutetemeka, na mlinzi huanza kufukuza vivuli.

Lakini za hii zilikuwa mpya. Vichwa vyake vilikuwa bapa, risasi kwenye miguu yake iling'aa kuliko jirani zake. Fundi aliyetangulia alikuwa amezibadilisha, tena kwa usafi. "Mkono mzuri huyu," Fundi alisema, na akarudia tena baadaye, kwa heshima ambayo sikuitarajia kwa mtu aliyekuwa akihangaika na kazi ya mwenziwe. Akazipima zote hata hivyo, zote zilikuwa sawa, akachora mstari wa pili.

Kilichofuata ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Alichomoa amplifaya ukutani kabisa. Akachukua pawa saplai yake ya mezani, akaiunga upande wa mlinzi peke yake, akaanza kupandisha volti kwa mkono: 10, 15, 20. Upande wa pili wa optokapla alikuwa ameweka mita. Kwenye 23 mita ilikuwa imelala. Kwenye 24 ikaamka. Akashusha kidogo, ikalala. Akapandisha, ikaamka. Umeme unaoua haukuwemo, swichi ilikuwa imezimika, na ndia ya kurudi ilikuwa imetolewa peke yake kwenye mwanga kama mshipa. Ingekuwa hatari kuikata huku mashine inawaka, maana swichi isiyosikia neno la mlinzi itasukuma volti mpaka kitu kipasuke. Kwa njia hii aliijaribu bila kuikata.

"Ndia iko," alisema. "Na inafika panapotakiwa. Inavyofika ndiko kwenye tatizo."

Nikamwuliza, kwa nini asiongeze kapasita pale kwa mlinzi ili amtulize? Ndivyo ningefanya mimi, na ndivyo wafanyavyo wengi. Akacheka kidogo, akanifundisha jambo ambalo limeandikwa hata katika karatasi za watengenezaji wa TL431: kijidude hiki hakipendi kapasita ya kadiri. Ukikiunga na ndogo mno hutulia, ukikiunga na kubwa mno hutulia, lakini katikati pana eneo ambamo kapasita uliyoweka kwa ajili ya utulivu humfanya mlinzi mwenyewe aanze kutetemeka. Ameona bodi zilizoharibiwa na dawa hiyo.

Osiloskopu hana. Alichonacho ni redio ndogo ya mawimbi ya kati na spika iliyotolewa kwenye redio nyingine. Aliwasha amplifaya, akasogeza redio karibu nayo kwenye masafa yasiyo na stesheni. Pawa saplai iliyotulia husikika humo kama mchele unaomwagika. Alipounga mzigo kwenye volti 24, balbu mbili za taa za bodaboda zilizofungwa mfululizo, mchele ukageuka ukawa mawimbi, hupanda na kushuka. Kisha akagusisha ile spika ndogo na njia ya volti kupitia kapasita, ili asikie mtikisiko peke yake bila volti zenyewe. Ngurumo ikajaa kibandani. Akatoa balbu moja na kuweka rezista ili kupunguza mzigo. Ikafifia. Akarudisha. Ikapanda.

Kwa nini mzigo mkubwa ndio unaoiamsha? Hapa pana ufundi wa ndani. Pawa saplai ya aina hii hufanya kazi kama mtu anayechota maji kisimani kwa ndoo moja. Swichi ikifunga, transfoma inajazwa. Ikifungua, inamimina. Mzigo ukiwa mdogo, ndoo humwagwa yote kabla ya kuteremshwa tena, na mambo ni mepesi. Mzigo ukiwa mkubwa, ndoo hurudi kisimani kungali na maji ndani yake. Sasa walio juu wakipiga kelele kwamba maji hayatoshi, mchotaji huiacha ndoo chini muda mrefu zaidi ili ijae, na kwa kuiacha chini, walio juu hukosa maji kwa muda huo. Yaani jibu la kwanza kwa kilio cha uhaba ni uhaba zaidi. Mlinzi mwenye subira huvumilia hilo. Mlinzi mwenye pupa huona maji yamepungua baada ya kuagiza yaongezwe, akaagiza tena kwa sauti kubwa zaidi, na msafara mzima ukaanza kuyumba. Kila pigo la twari ni kilio cha ghafla cha namna hiyo.

Kwa hiyo mlinzi alikuwa na pupa. Lakini hakuzaliwa nayo, maana amplifaya ilisoma Maulidi ya miaka iliyotangulia bila kunguruma.

Fundi alirudia kuangalia risasi, mguu kwa mguu, kwa kioo cha kukuzia. Akasimama kwenye optokapla. Miguu yake minne nayo iling'aa. Ilikuwa imebadilishwa. Mgongoni iliandikwa 817, namba iliyo sahihi, ile inayotumika karibu kila mahali. Baada ya 817 palikuwa na herufi C.

Hakuitoa. Alimpigia simu mwalimu, akamwuliza kama madrasa ina amplifaya nyingine kama hii. Ilikuwapo, zilinunuliwa pamoja. Akamwomba ailete. Mwalimu akasema boti inayofuata, na boti inayofuata ilitegemea maji, kwa sababu Mkanda maji yakitoka haupitiki. Tukangoja siku mbili. Fundi alitengeneza feni tatu na dekoda moja, wala hakuigusa amplifaya ya kwanza.

Ya pili ilipofika aliifungua, akaipangusa optokapla kwa kidole gumba, akanisogezea kioo. 817 A.

Herufi hizo ni za daraja. Zinaeleza ukimulika upande mmoja kwa miliampea 5, upande wa pili utapitisha kiasi gani kwa asilimia. Za A ni kati ya 80 na 160. Za C ni kati ya 200 na 400. Umbo ni lilelile, miguu ileile, namba ileile, na za C ndizo zinazopatikana kwa urahisi. Fundi aliyetangulia alibadilisha optokapla iliyokufa kwa iliyo hai, na kifaa kikawaka. Kwa kifaa kingine labda ingefaa maisha yote. Amplifaya hii ilikuwa imepimwa karibu na ukingo wa kuyumba tangu kiwandani, na mkono uliowekwa kwenye kana ukawa na nguvu zaidi ya mara mbili ya ule wa mwanzo. Tena transista inayokuza zaidi kwa kawaida ni nzito zaidi kugeuka, kwa hiyo mkono ule ulichelewa pia.

Hakuridhika na herufi. Alichukua betri mbili ndogo na rezista ya omu 330, akaiwasha nazo taa ya kila optokapla, karibu miliampea 5, na upande wa pili akaweka volti 5 za chaja ya simu zikipitia mita. Ile ya C ilipitisha miliampea 16. Katika kopo la vitu vilivyokusanywa kutoka bodi zilizokufa alitafuta za A, akazijaribu moja moja. Ya kwanza ilikuwa imechoka, taa yake imefifia kwa umri, haikufika hata 3. Ya nne ilipitisha 6 na kidogo. Akailehemu hiyo, akisubiri risasi itiririke yenyewe kuzunguka mguu badala ya kuisukuma.

Jaribio la mwisho lilikuwa la mita ya mshale, ambayo huipendelea kuliko ya tarakimu kwa kazi hii kwa sababu mshale huonyesha mwendo. Aliiunga kwenye volti 24, akagusisha balbu za bodaboda kwa ghafla. Mshale ulizama kidogo, ukarudi, ukasimama. Akagusisha tena. Ukazama, ukarudi, ukasimama. Haukupita alama hata mara moja. Kwenye redio mchele uliendelea kumwagika. Alirudia kama mara thelathini, kwa mapigo ya twari, mpaka mwenye duka la jirani akachungulia kuuliza kuna nini. Kisha akaiacha inawaka na mzigo wake kutoka Alasiri mpaka Isha, kwa kuwa kasoro nyingine hungoja joto.

Nimeona mafundi wa jahazi Matondoni wakigonga kalafati, nimeona wachonga milango wakikaa siku nzima juu ya ua moja, na kisiwa hiki kimewasifu kwa haki. Kazi ya Langoni iko daraja moja na hizo. Kilichobadilika ndani ya amplifaya ile ni kipande kimoja chenye ukubwa wa punje ya hindi, na hakuna msomaji wala mpiga twari atakayekiona. Fundi alikifikia bila kukisia hata mara moja. Kila alichokitoa kwenye orodha ya washukiwa alikitoa kwa ushahidi, akakiandika daftarini, na kila alichokigusa alijua kwa nini anakigusa.

Amplifaya zote mbili zilirudi Pate kwa boti ya asubuhi, zimefungwa leso zilezile. Ndani ya kila moja Fundi alibandika kikaratasi kwa mwandiko wa kusomeka: tarehe, kilichobadilishwa, na maneno optokapla 817 A, usiweke nyingine. Ile ya C aliitia katika bahasha ndogo akampa mwalimu, ingawa ilikuwa nzima.

Nami nina ombi kwako wewe unayesoma. Ukipeleka kifaa chako kwa fundi, popote ulipo, mwambie nani alikifungua kabla yake na kwa ugonjwa gani. Na kifaa kikitengenezwa, omba upewe kile kilichotolewa, hata kikiwa kimeungua, ukihifadhi pamoja na kifaa chenyewe. Optokapla ya mwanzo ya madrasa ile ingekuwapo, herufi yake ingesomwa siku ya kwanza, na boti ya pili isingehitajika.